Mkao wa chombo cha angani na programu ya kuutunza

Katika usemi wa kila siku, chombo cha safari hutajwa kwa mahali kilipo na upande kiendako. Kwa chombo cha angani maelezo hayo mawili hayatoshi. Chaweza kwenda mashariki huku pua yake ikitazama kaskazini, au huku kikijiviringisha. Namna mwili wake ulivyoelekea, pasipo kutegemea njia kipitayo, ndiyo iitwayo hapa mkao.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika tarehe 16 Machi 1966. Chombo cha Marekani Gemini 8, kilichowabeba Neil Armstrong na David Scott, kilianza kuzunguka kwa sababu kijiroketi kimoja kiliwaka bila kuamriwa. Kasi ilifikia takriban mzunguko mmodi kwa sekunde. Ili kukituliza, ilibidi vitumike vijiroketi vilivyowekewa marejeo ya duniani, na safari ikakatizwa.

Leo kazi ya kutunza mkao yaweza kujaribiwa bila hatari katika Orbiter, mchezo wa kompyuta unaoigiza safari za angani, uliotungwa na Martin Schweiger na kutolewa mwaka 2000. Mchezo huo hufuata kanuni za Newton, na humruhusu mtumiaji kuandika programu yake ya kuongoza chombo.

Mwandishi wa programu hukuta kwanza kwamba angani hakuna hewa ya kuzuia mzunguko: kilichosukumwa huendelea kuzunguka hadi kisukumwe kinyume. Tuseme chombo chaweza kuongeza kasi yake kwa nyuzi 5.7 kwa sekunde, kila sekunde. Ili kigeuke nyuzi 90 na kutulia, husukumwa kwa takriban sekunde 4, kikafikia karibu nyuzi 23 kwa sekunde, kisha huzuiwa kwa sekunde 4 nyingine. Programu inayotazama pembe iliyobaki peke yake huchelewa kuzuia. Chombo hupita shabaha, hurudi, hupita tena, mfano wa bembea isiyochoka. Kwa hiyo ni lazima ipime pia kasi ya mzunguko, na kupunguza msukumo kwa kadiri ya kasi hiyo.

Tatizo la pili ni hesabu ya mkao wenyewe. Pembe tatu za kawaida huvurugika pua inapoelekea juu wima, kwa kuwa mihimili miwili hulaliana. Dawa yake ni kwaternioni, hesabu ya namba nne iliyobuniwa na William Rowan Hamilton mwaka 1843. Nayo ina mtego: namba hizo zikigeuzwa alama zote, mkao hubaki uleule. Programu isiyochunga hilo huweza kukizungusha chombo nyuzi 350 pale ambapo 10 zingetosha.

Mwisho, kosa dogo sana huachwa bila kusahihishwa. La sivyo vijiroketi vya pande mbili hushindana na kumaliza fueli bure.

Hata hivyo, hesabu hizi zote hudhani kwamba amri iliyotolewa imetiiwa. Katika Gemini 8 sivyo ilivyokuwa. Programu kamili, basi, hulinganisha mzunguko iliotazamia na ule uliopimwa. Vikitofautiana mno, hufunga vijiroketi kabla ya kuendelea kuamuru.