Tangawizi ya Same: Njia ipi ni nafuu?

Wafanyabiashara wanaonunua tangawizi Mamba Miamba, katika Milima ya Upare wilayani Same, wana njia mbili za kufikia barabara kuu ya Dar es Salaam–Moshi. Anayeuza Moshi au Arusha hupitia Kisiwani hadi Same mjini. Anayelenga Dar es Salaam hupitia Ndungu hadi Mkomazi, wilayani Korogwe.

Ushuru wa mazao haukwepeki kwa kuzunguka, kwani mnunuzi huulipa kwa halmashauri zao linakotoka. Mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na mzigo usiofika tani 1 unaovuka halmashauri ukasamehewa. Mzigo wa Sh. 3,000,000 kwa bei ya shambani, ukitozwa asilimia 3, hulipiwa Sh. 90,000.

Asiyetunza stakabadhi hujiweka katika hatari ya kulipa mara mbili. Anayejaza gari kupita kiasi ili kuokoa nauli, faini ya mizani humla faida. Wakati wa masika barabara za mlimani huharibika, na tangawizi iliyokwama huoza. Njia nafuu, basi, ni ile inayofika sokoni mapema, ushuru ukiwa umelipwa.