Misuli Isiyo na Kizuizi

Wafugaji wa milima ya Itombwe, juu ya Uvira, wanajua ng'ombe. Hata hivyo, Belgian Blue wa Ubelgiji angewashangaza: mapaja yamefura, misuli imejigawa mafungu chini ya ngozi, na ndama ni wakubwa hivi kwamba wengi huzaliwa kwa upasuaji.

Chanzo kilijulikana mwaka 1997. Nchini Marekani, Se-Jin Lee na Alexandra McPherron walitambua jeni ya miostatini, protini inayozuia misuli isikue kupita kiasi. Jeni hiyo ikiharibika, kizuizi huondoka.

Kwa binadamu hali hii ni nadra mno. Mwaka 2004 madaktari wa Berlin walieleza habari za mvulana aliyezaliwa na misuli iliyochomoza mapajani. Nakala zake zote mbili za jeni hiyo zilikuwa na kasoro. Akiwa na miaka minne na nusu, alinyoosha mikono huku kila mkono umeshika kilo 3! Mama yake, mwenye nakala moja yenye kasoro, aliwahi kuwa mkimbiaji wa kulipwa. Moyo wa mtoto ulikutwa mzima, jambo la faraja kubwa, maana moyo nao ni msuli.

Watoto wenye ugonjwa wa Duchenne, unaomaliza misuli, walitarajia dawa ya kuzuia miostatini. Majaribio ya mojawapo, domagrozumabu, yalisitishwa mwaka 2018 baada ya kukosa matokeo.