GUNDI GANI KWA AKRILIKI?

Wengi wenu mlinicheka tangi langu la samaki lilipovuja mbele ya waamuzi wa maonyesho ya sayansi. Sikatai, hata mimi ningecheka. Lakini mimi na mwenzangu tulikosa kwenda ngazi ya kaunti kwa sababu ya gundi tu, basi hebu tusikilizane.

Tangi lilikuwa la akriliki, ile plastiki ngumu ing'aayo kama kioo ambayo mafundi wa mabango huiita Perspex. Mimi nilikimbilia supaglu. Ilishika upesi ajabu, ila kandokando pakaota ukungu mweupe, na maji yalipotiwa viungo vikaachana. Nikajaribu gundi ya mabomba ya PVC. Hiyo nayo ina plastiki ya PVC ndani yake, si akriliki, kwa hivyo ikashika shingo upande.

Mjomba wangu, fundi wa mabango, ndiye aliyenifungua macho. "Mpwa wangu," akasema, "akriliki haibandikwi, inayeyushwa!" Kumbe gundi yake ni kiyeyushi, hasa dikloromethani. Hulainisha kingo mbili zikaingiliana, na kikishakauka vipande huwa kimoja. (Mwalimu wa kemia, usinitazame hivyo: klorofomu pia huyeyusha akriliki, lakini ile ya maabara sikuigusa.)

Sasa, ipo gundi nyepesi kama maji na ipo nzito kama asali. Kabla ya kuchagua, tazama kingo zako. Zikiwa zimenyooka na kukutana sawasawa, chukua nyepesi, uidondoshe kwa bomba la sindano. Itajipenyeza yenyewe kwenye kiungo kama mafuta ya taa yapandavyo utambi. Raha tupu kuitazama! Lakini nyepesi haizibi pengo. Kingo zangu nilizikata kwa msumeno wa chuma, zikawa na meno kama mamba. Hapo ama upige msasa kwanza, ama utumie nzito. Mjomba huitengeneza mwenyewe: hutia chembechembe za akriliki ndani ya ile nyepesi, akafunika chupa mpaka ziyeyuke.

Dikloromethani huchemka kwenye nyuzi 40 hivi, kwa hivyo hukauka haraka mno, na siku ya unyevu kiungo huweza kuwa cheupe. Ngoja siku kavu. Tena ukingo uliopitishwa motoni ili ung'ae usiutie kiyeyushi. Utajaa nyufa nyembamba kama nywele. Na usifanyie kazi hii chumbani, wee! Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, tena una madhara. Sisi tulikaa nje, chini ya mwembe.

Tangi la pili tuliliacha saa 24 kabla ya kulitia maji. Liko maabara, karibu na dirisha, na sakafu chini yake ni kavu. Njooni mpapase.