Gari Lililokanyaga Theluji Bila Kuzama: Sayansi ya Kulifufua Nyumbani

Katika vijiji vya jimbo la Quebec, mashariki mwa Kanada, yako mabanda ya zamani ambamo, nyuma ya majani makavu ya mifugo na zana zilizokwisha kuachwa, hukutwa chombo cha ajabu. Bodi yake ni ya mbao, nayo imepinda kama ubavu wa mashua. Madirisha yake ni ya duara kama ya meli. Mbele hakina magurudumu, bali kina skii mbili za kutelezea. Na chini yake, kila upande, umezungushwa mkanda mpana wa mpira uliofungwa mapao ya chuma, mfano wa katapila. Chombo hicho ni gari la theluji la aina ya B12, lenye nafasi ya watu kumi na wawili, lililobuniwa na Joseph-Armand Bombardier na kuundwa katika mji mdogo wa Valcourt tangu miaka ya mwanzo ya 1940.

Siku hizi wako watu wa Kanada na Marekani wanaoyanunua magari hayo yakiwa magofu, wakayapeleka nyuma ya nyumba zao, na kuyafanyia kazi majira baada ya majira mpaka yatembee tena. Kwa mtazamo wa haraka, kazi hiyo yaweza kudhaniwa kuwa ni mchezo tu wa watu wenye nafasi. Sivyo. Kila kipande cha gari hilo kiliwekwa mahali pake ili kujibu swali fulani la fizikia au la kemia. Fundi asiyelijua swali hilo aweza kuweka kipande kipya, kizuri na cha ghali, na kwa kufanya hivyo akaliharibu gari lote.

Swali lililogharimu uhai

Valcourt iko katika nchi ambayo theluji huanguka kwa miezi kadhaa kila mwaka. Katika miaka ya 1930 barabara za vijijini hazikuwa zikisafishwa wakati wa baridi. Watu waliyaweka magari yao ghalani na kurudia farasi na sileji, yaani gari lisilo na magurudumu linaloburutwa juu ya theluji.

Bombardier, aliyezaliwa mwaka 1907, alianza kulishughulikia tatizo hilo akiwa kijana mdogo. Mwaka 1922, akiwa na umri wa miaka 15, alitengeneza sileji iliyosukumwa na rafadha na kuendeshwa kwa injini ya gari la Ford. Baba yake, alipoiona rafadha ile ikizunguka wazi karibu na watu, aliamuru chombo kile kivunjwe. Kijana hakuacha. Alijifunza ufundi wa magari, akafungua gereji yake mwenyewe, na kila majira ya baridi akaendelea na majaribio.

Katika majira ya baridi ya mwaka 1934 mwanawe Yvon, mtoto wa miaka miwili, alishikwa na maradhi ya kidole tumbo. Alihitaji kupasuliwa upesi. Hospitali ilikuwa katika mji wa Sherbrooke, na barabara ya kwenda huko ilikuwa imefunikwa na theluji. Ndani ya gereji kilikuwamo chombo cha theluji ambacho baba alikuwa bado akikiunda, lakini kilikuwa hakijakamilika. Mtoto alifariki.

Mwaka uliofuata Bombardier alipata ufumbuzi aliokuwa akiutafuta, na mwaka 1937 alipewa hataza ya kuulinda uvumbuzi huo. Gari lake la kwanza la kuuzwa, aina ya B7, lilichukua watu saba. Baadaye likafuata B12. Magari hayo yakatumiwa na madaktari, wachukuzi wa barua, wanafunzi na wagonjwa.

Kwa nini haliizamii theluji?

Wasomaji wengi wa Afrika ya Mashariki wameiona theluji kwa mbali tu, kileleni mwa Kilimanjaro au Mlima Kenya. Yafaa basi ielezwe kwamba theluji iliyoanguka karibuni si ngumu kama barafu. Mita moja ya ujazo ya barafu ina kilogramu zipatazo 917. Ya theluji mpya yaweza kuwa na kilogramu zipatazo 100 tu. Sehemu kubwa iliyobaki ni hewa. Kwa hiyo mguu au gurudumu huididimiza kwa urahisi, kama lifanyavyo kwenye tope la masika.

Jambo linaloamua kama kitu kitazama au la si uzito wake peke yake, bali ni kanieneo, yaani kani iliyogawanywa kwa eneo inalolikandamiza. Ichukuliwe mfano wa gari lenye kilogramu 2,000. Uzito wake ni niutoni 20,000 hivi. Likiwa na magurudumu manne ya kawaida, ambayo kila moja linagusa ardhi kwa eneo la mita za mraba 0.02, eneo lote ni mita za mraba 0.08, na kanieneo ni paskali 250,000. Gari hilo hilo likiwekwa juu ya mikanda miwili, kila mmoja ukiwa na upana wa mita 0.4 na kulala chini kwa urefu wa mita 2.5, eneo lote huwa mita za mraba 2. Kanieneo hushuka hadi paskali 10,000. Mtu mwenye kilogramu 60, akisimama juu ya nyayo zenye jumla ya mita za mraba 0.03, huikandamiza theluji kwa paskali 20,000. Ajabu iliyoje: gari zima laikanyaga theluji kwa wepesi kuliko mtu aliyesimama kando yake!

Hata hivyo, mkanda mpana peke yake haukutosha. Mikanda ya awali ilikuwa na udhaifu mmoja: theluji ilishindiliwa baina ya mkanda na gurudumu la meno linalouvuta, ikaganda kuwa barafu, na mkanda ukachomoka. Bombardier alitengeneza gurudumu la meno la mbao lililovikwa mpira. Barafu haishikamani sana na mpira. Tena mpira hubonyea na kurudi, hivyo huibandua barafu kabla haijawa nene. Mkanda nao uliundwa kwa vipande viwili virefu vya mpira vilivyounganishwa kwa mapao ya chuma. Hilo ndilo lililokuwa jibu. Anayelifufua gari hilo leo hapana budi alijue, kwani gurudumu la chuma tupu, ingawa ni imara zaidi, litalirudisha tatizo la zamani.

Kazi ndani ya banda

Kazi huanza kwa kalamu wala si kwa nyundo. Kila kipande hupigwa picha, hupimwa na kufungwa kibandiko chenye namba kabla ya kung'olewa. Hata boliti iliyokatika huhifadhiwa, maana unene wake na mahali ilipokatikia huonyesha kani iliyokuwa ikipita pale.

Bodi ya mbao hufuata. Kiunzi chake ni mataruma yaliyopindwa, nacho kimefunikwa kwa plaiwudi. Kuvu waozeshao mbao huhitaji unyevu; mbao zikikaa chini ya asilimia 20 ya unyevu, kwa kawaida hazioi. Lakini maji yaliyoingia kwenye tundu la boliti hukaa humo miaka mingi. Fundi hugonga mbao kwa mpini wa nyundo na kusikiliza: mbao nzima hulia kwa ukali, iliyooza hutoa sauti nzito. Kisha huchoma kwa msharasi, na mahali unapozama pasipo shida, sehemu hiyo hukatwa. Taruma jipya hupikwa kwa mvuke ndani ya sanduku refu. Joto na unyevu hulainisha lignini, kitu kinachozishikamanisha nyuzi za mti, na kwa dakika chache mbao huweza kupindwa juu ya kalibu. Ikipoa hubaki na umbo lile. Wajenzi wa mashua katika nchi nyingi wameijua kanuni hii kwa muda mrefu.

Chuma kina adui wake, nayo ni kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Kwa sababu hiyo, ikiingia baina ya mabamba mawili, huyasukuma mpaka yakaachana. Njia moja ya kuiondoa ni elektrolisisi. Kipande chenye kutu hutumbukizwa katika maji yaliyoyeyushwa sodiamu kaboneti, na kuunganishwa na ncha hasi ya chanzo cha umeme mdogo wa mkondo mmoja, kama chaja ya betri. Bamba la chuma cha kawaida huunganishwa na ncha chanya. Kutu hulegea na kubanduka bila chuma kizima kuliwa. Zipo hadhari mbili. Kwanza, haidrojeni hutoka, nayo hulipuka. Kazi ifanyike mahali pa wazi, mbali na moto. Pili, chuma kisichoshika kutu kisitumiwe kwenye ncha chanya, kwani hutoa misombo ya kromiamu yenye sumu.

Mpira wa mikanda ndio wenye mashaka makubwa. Oksijeni, ozoni na mwanga wa jua hukata na kuunganisha upya minyororo ya molekuli zake, hata ukawa mgumu na kupasuka. Mpira ukishafikia hali hiyo, hakuna dawa ya kuurudisha. Wengi hununua mikanda yenye nyuzi ndani, ya aina itumiwayo katika mitambo ya kuchukulia mawe au nafaka, wakaikata na kuitoboa. Hapa hesabu ndogo yaweza kuokoa kazi ya miezi. Iwapo mkanda una mapao 50, na kila tundu limepimwa kutoka kwenye tundu lililotangulia kwa kosa la milimita 1 upande ule ule, kosa la mwisho litakuwa milimita 50. Meno ya gurudumu hayatakutana na mapao. Yatapanda juu yake. Kwa hiyo matundu yote hupimwa kutoka sehemu moja ya mwanzo, ili kosa la tundu moja lisirithiwe na jingine.

Injini nayo hukaguliwa kwa subira. Pistoni zilizoganda hulowekwa mafuta mepesi kwa siku nyingi, kisha injini huzungushwa kwa mkono. Kuilazimisha kwa stata ni kuivunja. Bloku huchunguzwa nyufa, maana maji yanapoganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi, na hakuna chuma cha kalibu kitakachoyazuia.

Kipi kihifadhiwe, kipi kibadilishwe?

Hapa ndipo ugumu halisi ulipo, nao si wa spana. Mrekebishaji hutaka gari liwe kama lilivyotoka kiwandani. Lakini vitu vingine vya wakati ule sasa vyajulikana kuwa ni hatari. Rangi za zamani huweza kuwa na risasi, na bitana za breki huweza kuwa na asbesto. Kuvipiga msasa vikiwa vikavu ni kuvuta sumu mapafuni. Zaidi ya hayo, injini ya B12 imewekwa nyuma ya bodi ile ile wanamoketi abiria. Bomba la moshi likiwa na ufa, kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, yaweza kuwaua watu wote kimya kimya huku madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi.

Mwenye busara huhifadhi kile kinachoeleza namna gari lilivyofikiriwa: umbo, mbao, gurudumu lililovikwa mpira, mapao. Hubadilisha kile kinachohatarisha uhai: bomba la moshi, nyaya, breki, na huongeza kengele ya kugundua gesi. Kisha huandika kila alichokibadilisha, ili atakayefuata asidanganyike. Chombo kilichozaliwa kwa uchungu wa kumkosa mtoto mmoja hakistahili kuwa sababu ya kumkosa mwingine.

Jaribio kwa darasa

Somo hili laweza kufanywa bila theluji. Beseni lijazwe pumba za mpunga au mchanga mkavu uliochekechwa. Tofali moja lipimwe uzito wake na vipimo vya pande zake, kisha liwekwe polepole kwa upande mpana, halafu kwa ncha. Wanafunzi wapime kina cha shimo kila mara, na wakokotoe kanieneo. Uzito haukubadilika, nini basi kilichobadilika? Jaribio la pili lahitaji subira: vipande viwili vya mpira wa tyubu vivutwe na kupigiliwa misumari juu ya ubao, kimoja kikae juani na kingine kabatini. Baada ya majuma kadhaa vilinganishwe.

Mwaka 1948 serikali ya Quebec ilipitisha sheria ya kutaka barabara zisafishwe theluji, na soko la magari hayo likashuka sana. Bombardier akageukia mitambo mingine. Mwaka 1959 kiwanda chake kilitoa Ski-Doo, chombo chepesi cha mtu mmoja au wawili. Alifariki mwaka 1964. Ndivyo B12 nyingi zilivyoishia mabandani.

Siku moja lililofufuliwa hutolewa nje. Mlango wa banda hufunguliwa, injini hunguruma, mikanda huzunguka, na gari huvuka uwanja uliofunikwa na theluji mpya. Mwenyewe hufuata kwa miguu, akizama mpaka magotini. Mbele yake gari limeacha alama mbili pana zenye kina kifupi kuliko nyayo zake mwenyewe.