Cheni ya baiskeli ikazwe kwa kiasi gani?

Kwa abanyonzi, wanaobeba abiria kwa baiskeli nchini Rwanda, cheni ni suala la usalama kama zilivyo breki. Baiskeli isiyo na gia za kubadilisha haina kifaa kinachoikaza cheni yenyewe. Ikilegea, huweza kuchomoka mlimani. Ikikazwa kupita kiasi, meno na gololi huchakaa upesi.

Kwanza, nati zote mbili za gurudumu la nyuma hulegezwa. Gurudumu huvutwa nyuma, na nati ya upande wa cheni hukazwa kidogo. Kisha tairi huwekwa katikati ya fremu, ndipo nati ya pili ikazwe.

Baada ya hapo, kanyagio huzungushwa polepole, kwa kuwa mkazo hubadilika kadiri meno yanavyozunguka. Cheni hupimwa pale inapokaza zaidi: ikibonyezwa katikati kwa kidole, icheze takriban sentimita 1. Isipocheza, gurudumu lirudishwe mbele kidogo.

Mwisho, nati zote hukazwa barabara na breki hukaguliwa upya, maana gurudumu likisogea, mipira ya breki huenda isiguse tena mahali pake. Ukaguzi huo utangulie abiria wa kwanza.