Kabla ya Kulipia TV ya Flat: Pima Sebule, Piga Hesabu, Soma Jina

Jumamosi ya tarehe 12 Oktoba 2019, watu wa Eldoret walijaa katikati ya mji kumtazama Eliud Kipchoge kwenye skrini kubwa akikimbia kule Vienna. Alipofika mwisho kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, mji mzima ulilipuka kwa shangwe. Lakini skrini ya barabarani haiwekwi kila wiki. Siku nyingi tunatazama mbio, mpira na habari nyumbani, na ndiyo maana TV iko karibu juu kabisa kwenye orodha ya vitu ambavyo familia nyingi zinawekea akiba.

Tuchukue mfano wa mama anayeuza nguo za mitumba na kuishi Langas. Amekuwa akiweka shilingi 2,500 kila mwezi kwenye simu, na baada ya miezi 8 ana 20,000. Watoto wamechoka kwenda kwa jirani kutazama katuni. Yeye mwenyewe anataka TV ya inchi 43, kama ile aliyoiona kwa dada yake Kapsoya. Shule zinafunguliwa mwezi ujao, na pesa hii ikipotea, hakuna nyingine. Tumfuate hatua kwa hatua.

Kwanza, pima ukiwa nyumbani

Dukani kila TV inaonekana ndogo kwa sababu chumba ni kikubwa na imepangwa karibu na zingine kubwa zaidi. Ukiifikisha nyumbani ndipo unagundua imejaza ukuta wote. Kwa hivyo toa futi ya fundi cherehani na upime kutoka kwenye kochi hadi mahali TV itakapokaa.

Inchi za TV hupimwa kutoka kona hadi kona ya kioo. Inchi 32 ni kama sentimita 81, inchi 43 ni kama 109, na inchi 55 ni kama 140. Kanuni rahisi ni kukaa umbali wa kati ya mara moja na nusu na mara mbili na nusu ya kipimo hicho. Inchi 32 inafaa ukikaa kati ya mita 1.2 na 2. Inchi 43 inataka mita 1.6 hadi 2.7. Inchi 55 inataka mita 2.1 hadi 3.5.

Kochi la mama wetu liko mita 2 kutoka ukutani. Maana yake 32 itamtosha, 43 pia itakaa vizuri, lakini 55 asiitazame mara mbili. Sasa kitakachoamua ni mfuko.

Uliza kama itashika stesheni bila king'amuzi

Kenya ilizima matangazo ya analogi mwaka 2015. Tangu hapo, matangazo ya kushika kwa antena hapa kwetu yanatumia mfumo unaoitwa DVB-T2. TV ikiwa na mfumo huo ndani yake, unahitaji antena tu na utapata stesheni za bure bila kununua king'amuzi. Tafuta maandishi hayo kwenye kibandiko cha nyuma au kwenye kasha. Herufi na namba za mwisho, T2, ndizo za muhimu. Ikiandikwa DVB-T peke yake, jua utaongeza pesa ya king'amuzi.

Hapa ndipo TV za ex-UK huwashangaza watu. Bei ni nzuri na picha ni safi, lakini nyingi za zamani zina DVB-T pekee. Zile zilizotengenezewa soko la Marekani zina shida nyingine: mfumo wao wa matangazo ni tofauti kabisa na wetu, na baadhi zimeundwa kwa stima ya volti 120 wakati yetu ni 240. Ukiichomeka bila kuangalia, inaweza kuungua hapo hapo.

Smart au ya kawaida?

TV ya smart ni nzuri kama una intaneti ya kuilisha. Kama unategemea bando za simu, fahamu kwamba Netflix inaweza kula hadi GB 1 kwa saa kwa picha ya kawaida, hadi GB 3 kwa picha ya HD, na hadi GB 7 kwa picha ya 4K. Filamu moja ya saa mbili ya HD inaweza kumaliza GB 6. Kama nyumbani hakuna waifai na kazi kubwa ya TV itakuwa habari za saa moja na mpira wa wikendi, TV ya kawaida yenye DVB-T2 si aibu.

Ukiamua kuchukua smart, washa hotspot ya simu yako pale dukani na ufungue YouTube. Baadhi ya TV za bei ya chini zimeandikwa "smart" lakini programu zake ni za zamani na hazifunguki. Afadhali ujue ukiwa kwa muuzaji kuliko ukiwa Langas.

Bei ya TV si bei ya kutazama TV

Mama wetu amezunguka maduka kuanzia Uganda Road hadi Oloo Street. Hesabu zifuatazo ni za mfano tu, kwa hivyo weka bei utakazopata wewe.

Tuseme ya inchi 32 inauzwa 15,500. Antena na waya ni 1,200. Kifaa cha kulinda TV stima inapopanda na kushuka, kile wengi wanaita TV guard, ni 1,300. Usafiri ni 500. Jumla ni 18,500, na anabaki na 1,500 mkononi.

TV guard si anasa kwa watu wa Eldoret. Msimu wa mvua hapa una radi nyingi, na stima ikipotea ghafla hurudi na nguvu. Radi ikianza, chomoa waya wa stima na pia waya wa antena, kwa sababu umeme wa radi unaweza kupitia huko juu ya paa.

Sasa ile ya inchi 43. Kwa pesa taslimu ni 27,000, ambazo hana. Muuzaji anamwambia, "Mama, chukua tu ya lipa polepole. Unaanza na 6,000, halafu ni 95 kwa siku, mwaka mmoja." Shilingi 95 haitishi mtu. Ni kama chai na mandazi. Lakini 95 mara siku 365 ni 34,675. Ongeza 6,000 za kwanza, unapata 40,675. Amelipa 13,675 zaidi ya bei ya taslimu, pesa ambazo zinakaribia kununua ile ya inchi 32 nzima.

Hatusemi kulipa polepole ni vibaya. Kuna watu ambao mapato yao ni ya kila siku na njia hiyo huwasaidia. Tunachosema ni piga hesabu ya mwisho, si ya leo. Uliza mambo matatu kabla ya kutia sahihi: bei ya taslimu ni ngapi, jumla nitakayolipa ni ngapi, na nikikosa kulipa wiki moja itakuwaje. Kuna vifaa vya mkopo ambavyo hujifunga vyenyewe siku malipo yakichelewa. Pia uliza kama mkataba uko chini ya Sheria ya Hire Purchase ya Kenya. Chini ya sheria hiyo, ukishalipa theluthi mbili ya bei ya mkataba, muuzaji hawezi kuja kuibeba TV bila kupitia kortini.

Soma jina kabla ya kuweka PIN

Jioni hiyo mama wetu anaona tangazo kwenye Facebook: inchi 43, mpya, 17,000. Muuzaji anajibu haraka na kwa heshima. Anasema iko moja tu imebaki, kuna mtu mwingine yuko njiani, na Till ya duka ina shida leo, kwa hivyo atume kwa namba ya simu na TV itamfikia kwa boda.

Simamia hapo. Kila kitu kwenye ujumbe huo kimepangwa kukufanya uharakishe. Bei iko chini kuliko mji mzima, muda ni mfupi, na pesa zinaenda kwa mtu binafsi, si kwa duka. Ukituma na mpokeaji akazitoa, ni vigumu sana kuzirudisha, hata ukitupigia baada ya dakika chache.

Fanya hivi badala yake:

- Lipa kwa Till au Paybill ya duka, na jina linalotokea kwenye simu lifanane na jina la duka. Likiwa jina la mtu usiyemjua, usiendelee.
- Usilipe kabla ya kuona TV ikiwaka. Ikaguliwe ikiwa na picha nyeupe kote, ndipo doa au mstari utaonekana.
- Chukua risiti yenye namba ya TV (ile ndefu ya nyuma) na muda wa waranti. Waranti kwa kawaida haigharamii kioo kilichopasuka.
- Usifute ujumbe wa malipo. Una tarehe, kiasi na namba ya muamala, na ndio ushahidi wako siku mkikosana.
- Usimtajie mtu yeyote PIN yako, hata akisema yeye ni wa duka au ni wa kwetu. Sisi hatutakuuliza.

Na ukishalipa, TV isafiri ikiwa imesimama ndani ya kasha lake. Kuilaza kwenye keria ya boda kwenye barabara ya mashimo ni njia ya haraka ya kufikisha kioo kilichopasuka.

Mama wetu alichukua ya inchi 32. Alilipia dukani kwa Till, akasoma jina, akasubiri risiti. Zile 1,500 zilizobaki zilinunua vitabu viwili vya shule na soksi. Dada yake wa Kapsoya bado ana TV kubwa zaidi, lakini hii ya Langas haina deni la mtu.

Kama una wasiwasi kuhusu malipo yoyote, tupigie kabla ya kutuma. Ukipiga mapema, tuna mengi ya kukusaidia.