Fahamu: Kwa nini msomi wa Bizanti anaihitaji Nubia

Anayesomea shahada ya uzamili katika historia na sanaa ya Bizanti huanza na lugha. Bila Kigiriki cha kale hafiki mbali, kwani kazi yake kubwa ni kusoma miswada na maandishi ya ukutani, mara nyingi yaliyofutika nusu. Akichagua Nubia, eneo la kale la bonde la Nile kusini mwa Misri na kaskazini mwa Sudan, ataongeza Kikopti na Kinubi cha kale.

Nubia haikutawaliwa na Constantinople, mji mkuu wa Bizanti, lakini ilikuwa ya Kikristo, na sanaa yake ni ya kustaajabisha. Huko Faras, kaskazini mwa Sudan, wanaakiolojia wa Poland wakiongozwa na Kazimierz Michałowski walifukua kanisa kuu lililojaa mchanga kati ya 1961 na 1964. Walibandua michoro ya ukutani zaidi ya 100 kabla maji ya Bwawa la Aswan hayajapafunika. Mchoro mashuhuri zaidi ni wa Mtakatifu Anna, mwenye macho makubwa na kidole mdomoni. Huo uko Warsaw. Mingine ilipelekwa Khartoum.

Lakini Makumbusho ya Taifa ya Sudan, huko Khartoum, yaliporwa katika vita vilivyoanza Aprili 2023. Kwa hiyo vyuo vikuu vya Afrika viandae wasomi wa fani hii sasa, wala visiwaachie wengine.